Namba Moja, Kadi Mbili

Wendell, uko wapi? Pokea simu basi!

Niko Akron kwenye maonyesho ya kadi za wachezaji. Nimemkuta mzee mmoja, Gus, anauza kadi ya besiboli ya Hobie Tarrant, msimu wake wa kwanza, daraja la kumi, la juu kabisa. Kama yangu kabisa. Ile uliyonipa zawadi ya harusi.

Nikageuza kasha la plastiki lililofungiwa kadi nisome namba ya ukaguzi. Kaka, ni namba ileile ya yangu, inaishia na 0614. 0614! Juni 14, tarehe ya harusi yangu!

Si wewe uliyenifundisha kwamba hakuna kadi mbili zenye namba moja? Nikamvaa mzee wa watu mzima mzima: "Hii feki! Yenye namba hii iko kwangu!" Watu wakajaa.

Gus hata sauti hakupandisha. "Kijana, tulia. Matapeli huiba namba ya kadi halali na kuibandika kwenye kasha lao. Moja ni feki, sikatai. Mkaguzi yuko pale mlangoni, twende. Ianze yangu."

Ianze yangu, anasema! Mimi nikamfuata kifua mbele.

Mkaguzi akamulika kingo za kasha kwa tochi, akachungulia kwa lenzi. Kisha akasema, "Hii halali."

Halali, Wendell. Ya Gus.

Gus hakunicheka. Alinishika bega tu, akauliza taratibu, "Yako ulipewa na nani?"

Nikamwambia sikumbuki.

Tiki zimegeuka bluu, Wendell. Sema kitu.