Salamu Kutoka Dawati la Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na miwani ya kazi haijapotea tena. Mimi sijambo. Mjukuu wako naye hajambo. Ameng'oka jino la mbele na sasa anamchekea kila mtu ili pengo lionekane. Najua utashangaa. Utasema, mtoto ana simu, leo barua imetoka wapi? Vumilia, sababu utaiona.

Kwanza habari za kazi. Nilipoipata nilikupigia nikakueleza, furaha imenijaa hadi kooni, nawe ukanijibu kwamba paa la jiko linavuja na fundi hajaonekana. Mama, niliumia. Nilijua ulitaka nirithi meza ya marehemu baba ya kutengenezea saa, nikasema moyoni, kumbe bado amenuna. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikutumia ujumbe mfupi tu wa kujua umeamkaje, na kwa ujeuri wangu nikaona ngoma droo. Basi ngoja nikueleze upya, polepole.

Nafanya kazi katika ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Mtu akiuziwa dawa bandia, akitapeliwa kwenye simu, au akinunua friji inayochemsha maziwa badala ya kuyapoza, anapiga namba yetu bila kulipa chochote. Tunamsikiliza, tunamwelekeza, na jambo likiwa zito linakwenda kwa wachunguzi. Majina yetu hatuyataji. Mimi naitwa Dawati la Tatu. Tuna desturi moja ambayo mwanzoni ilinichosha sana. Kila anachosema mpigaji lazima tumrudishie kwa maneno yake mwenyewe, aseme ndiyo, ndipo tuandike. Bosi wetu anasema mtu aliyetapeliwa ameshawekewa maneno mdomoni mara moja, inatosha.

Wengi huanza kwa kucheka. Mzee mmoja alinieleza jinsi alivyofungua boksi la simu mpya akakuta kipande cha sabuni, akacheka hadi akakohoa, kisha akaniuliza taratibu kama ni lazima mke wake ajue. Nimejifunza kwamba hasara watu huisamehe. Kinachowakosesha usingizi ni kuonekana wajinga mbele ya watu wao.

Wiki iliyopita alipiga mama mmoja. Kabla sijamaliza kumkaribisha alikohoa, akaniambia niongeze sauti, maana masikio yake yameamua kuzeeka kabla yake. Nikapaza sauti mpaka Dawati la Pili akageuka kunitazama. Yule mama akasema tuanze na jambo moja: watoto wake wasijue. Mwanawe wa kiume alishaapa kwamba siku akiona dalili ya uzee atamfungia kibanda cha kazi na kumhamishia kwake, akakae sebuleni kutazama televisheni. Alisema heri afie kwenye meza yake. Nikamrudishia yote, akasema ndiyo.

Akaendelea. Kuna mtu alipita na gari lenye spika, amevaa koti jeupe la daktari, anauza vifaa vya kuvaa sikioni vya kumsaidia mtu kusikia. Alionyesha cheti chenye mhuri, akasema serikali imevikagua. Mama wa watu akanunua kimoja. Akakivaa, taa ikawaka, lakini hakusikia kitu. Kwa muda mrefu alijilaumu mwenyewe, akijitania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe akachukua bisibisi yake ndogo akakifungua. Ndani alikuta betri, kitaa, na kipande cha chuma cha kuleta uzito. Basi. Nilipomwuliza kifaa kiko wapi sasa, akasema kiko mbele yake, ameanza kukiunga upya, pengine atakipa akili.

Hapo nikasahau ofisi, nikapiga kelele kwamba asikiguse! Nilisema kama tunavyosema nyumbani mtoto anaposogelea sufuria ya moto.  Yule mama akacheka, akasema sawa, ameweka bisibisi chini.

Mama, najua hapa umeshaiweka barua mezani. Tafadhali, ichukue tena.

Ndiyo, ni mimi. Nilikujua tangu ulipokohoa. Sikusema kwa sababu ulikuwa umeshaniomba nisijue, na nilishakurudishia ombi hilo kwa mdomo wangu. Kwa zile kelele zangu, na wewe ukiwa na masikio hayo, hukunitambua. Ulipokata nilikwenda chooni nikalia. Nikakumbuka nilivyokukuta likizo iliyopita umeng'ata saa ya mteja, nikakucheka, nikakuuliza kama siku hizi saa zinaliwa. Kumbe ulikuwa unatafuta mapigo yake kwa meno. Nikakumbuka majirani wanaosema unawapita bila kuitikia salamu, na kaka anayesema majivuno yamekuingia uzeeni. Nikalikumbuka na lile paa la jiko. Hukununa, Mama. Hukunisikia tu, na mimi nikakususia.

Sasa nisikilize kwa macho. Ulikataa kutaja jina, na bila jina na kile kifaa, malalamiko yako yanabaki kuwa maneno. Yule mtu wa koti jeupe bado anazunguka. Wengine wamepiga simu kumhusu, lakini kila mmoja anamalizia kwa kusema labda tatizo ni masikio yake mwenyewe. Aliyekifungua ni wewe peke yako. Wachunguzi wanakuhitaji, na kila siku wanayosubiri kuna mzee mwingine anayevaa chuma sikioni na kujilaumu.

Jina lako nalijua kama ninavyolijua langu, na sijaliandika. Bosi nilimwambia tu kwamba siwezi kulishika jambo hili kwa sababu mpigaji ni jamaa yangu. Hakuniuliza zaidi, akampa Dawati la Pili. Jina ni lako. Ukiamua kulitoa, piga namba ileile umwombe yeye, ana sauti ya baragumu, mtaelewana. Ukikataa, sitakulazimisha, ila nitasikitika. Si wewe unayewaambia wateja wanaoficha kwamba saa ilitumbukia majini kuwa mficha uchi hazai?

Kile kifaa kiache kilivyo, na boksi lake. Nakufahamu, mikono inakuwasha. Kifunge kwenye kitambaa ukiweke juu ya kabati. Hospitali ya serikali wanapima masikio, na ukitaka nitakuja twende wote. Kaka sijamwambia neno. Siku utakapomwambia, nami nitakuwepo, na akitaja habari ya kufunga kibanda atanikuta nimeshika upande wako wa meza.

Wasalimie wote hapo, na huyo fundi wa paa akitokea mwambie namdai maelezo.

Limebaki moja. Kabla hujakata simu uliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yupo. Ukaniagiza nimsalimie, nimwambie amezaa mtoto mvumilivu, asiyechoka kumrudishia mtu mzima maneno, na kwamba ungekuwa na binti wa hivyo karibu usingemficha kitu. Nikakuahidi kwamba salamu zitafika.

Basi, Mama, salamu zako hizi hapa, kutoka kwa mama mmoja fundi saa. Anasema umezaa mtoto mvumilivu. Anasema angekuwa na binti kama huyo karibu, asingemficha kitu.

Nimeyarudia sawasawa? Nijibu ndiyo, nipate kuandika.

Ni mimi binti yako,
Dawati la Tatu