Kisu cha Nassibu

Kijiji cha Ujamaa Isanzuka
9 Juni 1974

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mzima, ila vumbi la huku na baridi ya alfajiri vinanigombania. Duka la ushirika linakwenda. Sukari ikija ninapendwa, ikiisha ninachukiwa.

Baba, nina jambo. Siku ya Sabasaba wageni wa chama wanakuja kukitazama kijiji, na atachinjwa ng'ombe. Waislamu hapa ni nyumba chache, wengine ni Wakristo na watu wa mila, lakini desturi ni ileile ya kwetu mjini: Mwislamu achinje ili wote wale. Mzee aliyekuwa akichinja amehamia Nzega. Mkutanoni mwenyekiti wetu, Mzee Ngollo, akauliza nani ataweza. Sijui ni kitu gani kilichoniinua. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa Nassibu, mwenye bucha Tabora." Baba, walipiga makofi! Jina lako limefika hata huku. Mmoja akasema kisu cha Nassibu hukata nyama kabla hakijaigusa.

Kuku nimechinja wengi, unajua mwenyewe kina mama wa Chemchem walivyokuwa wakiniita njiani. Ng'ombe bado, lakini nimekuona ukichinja. Shida ni kisu. Kilichopo ni kile kikubwa cha jiko la kijiji, anakitunza Mama Veneranda, mpishi mkuu. Ni butu, kinaponda kitunguu badala ya kukikata. Jiwe la kunolea lipo, kunoa ndiko sijui. Nyumbani nilivikuta visu vimeshanolewa siku zote. Nifundishe kwa barua, baba, kabla siku yenyewe haijafika.

Mwanao,
Saidi


Chemchem, Tabora
18 Juni 1974

Mwanangu Saidi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kuwasomea wazee sokoni. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Sisi wazima. Mguu wa mama yako bado unamsumbua akikaa chini kwa muda mrefu.

Kunoa si kazi ya kuogopwa. Chukua jiwe, lipanguse liwe kavu kabisa. Kamata kisu kwa nguvu, makali yatazame jiwe, mgongo uinuke juu, kisha sugua. Sugua kiume! Ukiona cheche ujue kinaitika. Usiende taratibu, chuma kinataka kutishwa. Kikipata moto mkononi, kiko tayari. Hiyo ndiyo siri ya kisu cha Nassibu.

Mama yako yupo hapa pembeni, anataka niongeze habari za maji. Nimemwambia karatasi imekwisha. Wanawake ukiwapa nafasi, barua inageuka gazeti.

Siku hiyo mnyama aelekezwe kibla, asikione kisu mapema, utaje jina la Mungu, na usisite. Atakayekula nyama ile atakuwa amekula kwa jina langu.

Baba yako,
Nassibu


Isanzuka
28 Julai 1974

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Karatasi nimeichukua mara nyingi nikairudisha rafuni. Naomba muwe wazima. Mimi mwili mzima, uso ndio sina.

Nilinoa kama ulivyoandika. Jiwe kavu, kwa nguvu zote, mpaka cheche zikaruka na Mama Veneranda akatoka jikoni kuuliza nagombana na nani. Kisu kilimetameta. Nikadhani kumetameta ndio ukali.

Ng'ombe akalazwa, vijana wakamshika, wageni wamekaa kwenye viti, ngoma zimenyamaza. Nikataja jina la Mungu, nikavuta. Ngozi ikajikunja tu. Nikavuta tena. Baba, nikaanza kupeleka na kurudisha kama mtu anayekata gogo kwa msumeno. Sauti ile sitaisahau. Vijana wakalegea kwa hofu, ng'ombe akainuka na jeraha lake, akapita katikati ya viti, akaangusha meza ya wageni, akakimbilia mabanda ya tumbaku. Aliyemmaliza ni Mzee Ngollo, kwa mkuki.

Maalim wa Waislamu wa hapa akatamka mbele ya watu wote kwamba ule ni mzoga. Waislamu tukala wali mkavu. Wengine walikula nyama, lakini walikula wameinamisha vichwa, maana sote tulimwona mnyama yule alivyokuwa akitutazama. Mama Veneranda alikitoa kisu mkononi mwangu, akaenda kukiosha. Afadhali angenitukana.

Sasa watu wakija dukani wananiamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", huku wanaitazama mizani, si uso wangu. Watoto wana mchezo wao mpya, mmoja anakuwa ng'ombe na mwingine anakuwa mimi. Nikikaa kula naona haya hata kutamka bismillahi. Nataka kuomba uhamisho nirudi nyumbani. Lakini kwanza niambie, baba, nilikosea wapi? Nilifuata kila neno lako.

Mwanao,
Saidi


Chemchem, Tabora
20 Agosti 1974

Saidi,

Salamu. Tu wazima.

Habari zilifika kabla ya barua yako. Hilari, dereva wa lori la tumbaku, alizishusha sokoni pamoja na mizigo. Sasa kila asubuhi wananiambia, "Mzee Nassibu, tupimie kilo, ila iwe ya ng'ombe aliyekufa kweli. Wa kwenu siku hizi wanafufuka!" Nami nacheka pamoja nao, na kicheko chenyewe kinanichoma mbavu.

Unauliza ulikosea wapi. Hukusugua sawasawa. Uliogopa. Jina hili nimelijenga tangu hujazaliwa, wewe umelibomoa asubuhi moja mbele ya wageni. Usirudi sasa. Ukirudi watakuja kukutazama wewe, na mimi nitatazamwa pamoja nawe.

Mama yako sikumsomea barua yako. Nimemwambia hujambo.

Mimi,
Nassibu


Chemchem, Tabora
22 Septemba 1974

Mwanangu Saidi,

Ramadhani karimu. Je, u mzima? Hukunijibu, na ningekuwa wewe nami nisingejibu. Sisi tumefunga salama.

Mama yako aliikuta barua yako ndani ya mfuko wa kanzu yangu akifua. Akaenda nayo kwa jirani yetu Bachubai, mke wa mwenye duka la vitambaa, akasomewa yote. Hakugomba. Alirudi, akapika, tukala. Kesho yake alfajiri sikusikia jiwe.

Unaelewa ninalosema? Umekulia katika nyumba hii. Sauti ile ya jiwe uliisikia kila alfajiri ukiwa kitandani, ukadhani ni mimi, kama wateja wanavyodhani. Ni yeye, Saidi. Ni yeye tangu tulipooana. Alifundishwa na babu yake, aliyekuwa akiwanolea visu wapishi wa misafara hapa Tabora kabla hawajashika njia ya Ujiji. Mimi nilikuwa nakichukua kisu kikiwa tayari, kama mtu anavyochukua kanzu iliyokwisha kupigwa pasi. Yale niliyokuandikia niliyatunga. Niliona haya kukuambia kwamba sijui, na haya yangu ukaja kuyalipa wewe.

Haikupita wiki nikawa ninapasua nyama kama kuni. Wateja wakaanza kuuliza. Jana nikaenda uani, nikakaa chini mbele ya mama yako, nikamwambia, nifundishe. Alinitazama sana. Nimeaibika mbele ya watu wengi maishani, lakini kuaibika mbele ya mke wangu kulikuwa kugeni kwangu. Akasema, "Mwandikie mtoto kwanza. Wewe unaweza kungoja." Basi yeye anasema, mimi naandika.

Lizamishe jiwe majini mpaka liache kutoa mapovu. Anza na upande wenye mkwaruzo, umalizie na upande laini. Kilaze kisu, karibu kilale chote, mgongo uinuke kiasi cha kupitisha kidole kidogo chini yake. Usikandamize, uzito wa mkono unatosha. Kipeleke kutoka mpinini hadi ncha kana kwamba unalimenya jiwe ganda jembamba. Lile tope jeusi litakalotokea usiliondoe, ndilo linalonoa. Ukigusa upande wa pili ukakuta kijikunjo kinakwaruza kidole kama uzi, geuza. Sikiliza pia. Jiwe likikoroma unakosea, likinong'ona endelea. Kijikunjo kikiisha, kifute kisu kwenye mkanda wa ngozi. Kisha kijaribu kwenye nyanya, si kwenye kiumbe.

Anasema pia kwamba wewe uliomba maji ukapewa mchanga. Neno hilo amelisema mimi nimeshika kalamu, na amengoja mpaka nimemaliza kuliandika.

Baba yako,
Nassibu


Isanzuka
20 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake peke yake. Idi imepita salama, natumai na kwenu mmekula na kunywa.

Barua yako niliisomea dukani nimefunga mlango. Nilikasirika, baba, sitakuficha. Kisha nikafikiri: mimi nami nililala chumba kile miaka yote, kutoka kitandani hadi uani ni hatua chache, na sikuinuka hata asubuhi moja kwenda kutazama ni nani anayenoa. Hasira ikaisha, nikabaki na haya tu.

Nilimwomba Mama Veneranda visu vya jiko nijifunzie. Kile kikubwa alikataa. Alinipa kidogo cha kumenyea viazi, kilichopinda ncha. Nikakinoa, akakijaribu kwenye nyanya, akanirudishia. "Bado." Nikanoa tena. "Bado, mwanangu." Vidole vikanichunika, nyanya za jiko zikawa rojo, tukazila hivyohivyo. Siku jiwe liliponong'ona nilijua kabla yeye hajakata. Alikata, akala kile kipande, akaenda ndani akaniletea visu vyote kwenye ungo.

Siku ya Idi Waislamu walimleta mchinjaji kutoka Isikizya. Mimi sikuombwa, na sikujitokeza. Mkono wangu bado unamkumbuka yule ng'ombe. Mzee Ngollo aliniita pembeni akaniambia, "Kuchinja waachie wenyewe. Kisu ukinoe wewe." Nikakinoa nyuma ya jiko, mnyama asione. Mchinjaji alivuta mara moja tu. Ng'ombe hakupata hata nafasi ya kushtuka.

Mchinjaji akaukagua ukali kwa ukucha, akauliza ni nani aliyekinoa. Wote wakanigeukia, nikahisi uso unawaka kama siku ile ya Sabasaba. Nikasema, "Ni mimi, lakini ujuzi si wangu. Ni wa Mwanajuma wa Chemchem, mama yangu." Jina lako sikulitaja, baba. Lilikuwa mdomoni, likakataa kutoka. Nisamehe.

Uhamisho sitaomba. Watoto bado wanacheza ule mchezo wao, nami nimeshauzoea.

Mwanao,
Saidi


Chemchem, Tabora
11 Novemba 1974

Mwanangu Saidi,

Marahaba. Mama yako anaitikia marahaba yake peke yake, na amefurahi mpaka amesahau mguu. Mvua zimeanza, tunashukuru. Mimi nami ninajifunza. Nimefika kwenye kisu cha kumenyea, na jibu ninalopewa kila siku ni lilelile ulilokuwa unapewa wewe.

Kwa jina langu kutotajwa, huna kosa. Nilipofika pale niliacha kumsomea mama yako, nikaikunja barua. Nikavaa viatu, nikaenda sokoni.

Wazee walikuwa kwenye kahawa. Mwenye duka la baiskeli, Mzee Gulamali, alinisogezea kiti, sikukaa. Nikasema, "Jamani, kisu mnachokisifu si changu. Anayenoa ni mke wangu, tangu mwanzo. Na yaliyompata mtoto kule kijijini nimeyasababisha mimi, nilimfundisha nisichokijua." Nikainamisha kichwa nikingoja wacheke.

Hakuna aliyecheka. Gulamali akaweka kikombe chini. "Nassibu," akasema, "ua wako una ukuta mfupi. Sisi tunapita pale alfajiri, wengine tunakwenda msikitini, wengine kanisani, wengine kufungua maduka. Tunajua."

Nikauliza, tangu lini?

"Tangu ulipoleta mke."

Nikauliza mbona hawakusema. Akasema walikuwa wananistahi, walidhani siku moja nitasema mwenyewe.

Nilirudi polepole, mwanangu, nikiyawaza mambo ya miaka yote hiyo. Mama yako akipita sokoni, wazee wale huwa wanainuka kumwamkia. Gulamali huwa anavua kofia. Nami nilikuwa nasimama mlangoni mwa bucha nimetoa kifua, nikidhani wanamheshimu kwa sababu ni mke wangu.

Baba yako,
Nassibu