Herufi Nne za Mwalimu Nasieku

Jumatatu, 3 Machi
Kuchapa tangu asubuhi. Kipindi cha mazungumzo na waandishi wa vitabu, saa nzima, neno kwa neno, kwa ajili ya kumbukumbu za redio. Mgeni wa juma hili ni Mwalimu Nasieku, mstaafu wa Piyaya. Ameandika kitabu kuhusu kijiji alichozaliwa, ambacho hakipo tena. Mtangazaji kamuuliza kwa nini walihama. Akajibu taratibu, kama anayesomea darasa imla: "Hatukuhama. Tulihamishwa."

Nilirudisha rekodi mara tatu. Nilisikia tangu mara ya kwanza. Niliogopa tu kuiandika.

Jumatano, 5 Machi
Barua, yenye mhuri. Kamati ya ardhi inataka maandishi ya kipindi, yathibitishwe na aliyechapa. Aliyechapa ni mimi.

Wiki ijayo Mwalimu anakwenda mbele ya kamati hiyo kuwaombea watu wake warudi kunywesha ng'ombe kwenye chemchemi yao ya zamani. Sharti liko kwenye barua: waliohama kwa hiari yao hawana dai.

Bwana Sulle, mkuu wetu, ameisoma akiwa amesimama. Kasema nisiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Sulle amefunga mlango. "Herufi nne tu, mwanangu. I, s, h, w. Nani atazitafuta?"

Nina miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio. Baba anawaambia watu wote kanisani kwamba binti yake yuko redioni.

Nimezifuta. Ikabaki: "Hatukuhama. Tulihama." Upuuzi. Mtoto wa darasa la pili angeona. Ikabidi nifute "Hatukuhama" pia. Sasa inasomeka vizuri kabisa.

Nimetia sahihi. Nikagonga mhuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefuta rekodi pia. Bwana Sulle anasema kompyuta imejaa. Haijajaa.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu amekuja. Ni desturi yetu, mgeni hupewa nakala yake. Bwana Sulle yuko Arusha, au ndivyo alivyoaga. Nilikuwa na nakala moja tu ya kumpa, ileile.

Nikamwamkia. Akasoma akiwa amesimama mezani kwangu, shuka begani, miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika pale akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Akarudisha "Hatukuhama" pembeni, kisha akachomeka herufi zake nne juu ya mstari.

"Kauli ya kutendeshwa, binti. Siku ile darasani ulikuwa umetoroka?"

Akacheka. Anadhani nimekosea. Nikasema samahani, Mwalimu, ni haraka. Akanisamehe palepale, akanipigapiga bega, akaondoka na karatasi yake ili akaionyeshe kamati.

Kutoka mezani kwangu hadi getini ni hatua chache. Anatembea polepole, goti linamsumbua. Ningemfikia. Sikuinuka.

Alhamisi, 13 Machi
Mtangazaji alikuwepo jana kwenye kikao, amenisimulia. Waliziweka karatasi mbili sambamba. Moja safi, ina sahihi na mhuri. Nyingine ina wino mwekundu. Wakamuuliza Mwalimu mwandiko ule mwekundu ni wa nani. Akasema, "Ni wangu." Wakasema, "Basi umechezea maandishi."

Ombi limekataliwa. Alitaka rekodi isikilizwe, wakamwambia redio imejibu kwamba haipo.

Nimenawa uso. Nimerudi mezani kuchapa.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua tangu alfajiri. Magari ya watalii yanapita taa zikiwaka, kwenda geti la Ngorongoro.

Mwalimu alipiga simu ya ofisi saa nne. Nilipokea mimi. Nikamwamkia, akaitikia. Nilingoja anitukane. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Mbulu, baba alikuja hapa Karatu akiwa kijana, kuchuma kahawa mashambani.

"Alihama au alihamishwa?"

"Alihama, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Alitaka mwenyewe."

Nilisikia ng'ombe upande wake.

"Kumbe siku ile darasani ulikuwepo," akasema. Akakata.

Bwana Sulle akachungulia mlangoni kuuliza kama kipindi cha juma hili kiko tayari. Nikamwambia bado kurasa mbili.