Amri Nilizotunga, Ukaziita Zako

Kaka Mwita,

Mama ananiomba nikupigie simu. Nimeona afadhali nikuandikie, tena na wengine wasome, kwa sababu ulilonifanyia ulinifanyia mbele za watu.

Unakumbuka tulivyoanza? Pale nyumbani Issenye, meza moja, kompyuta moja, wewe ukisoma kwa sauti na mimi nikichapa. Programu zilikuwa tatu: ya mfugaji kuripoti ng'ombe mgonjwa, ya daktari wa mifugo, na ya duka la dawa. Zote tuliziweka kwenye folda kuu moja, kila programu na folda yake ndogo ndani, na chombo kimoja cha kuzijenga, yaani kugeuza tulichoandika kuwa programu inayofanya kazi. Kila tukibadilisha kitu ilibidi tuandike amri ndefu kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, moja baada ya nyingine, na kila mara ulisahau ipi inatangulia. Ulikuwa unapiga meza mpaka chai inamwagika.

Nikakaa siku tatu na maelekezo ya kile chombo, nikagundua kinakubali amri za kutunga mwenyewe. Unaipa amri jina, unaandika ifanye nini, ifanyie kazi ndani ya folda gani, na kipi kitangulie. Nikatunga ya kwanza, nikaiita "amka". Ukiandika neno hilo tu, programu zote zinapimwa, zinajengwa, zinapelekwa kwa watumiaji. Ulinibeba mgongoni ukanizungusha uani. "Bhoke, una kichwa wewe!" Siku hiyo nilikupenda kuliko mtu yeyote.

Halafu ukavuka mpaka wa Sirari na kompyuta, ukaipeleka kazi yetu kwa kampuni moja huko Kenya. Ukafuta jina langu katika kila faili. Kwenye harusi ya binamu yetu, baba mdogo alipokuuliza, mimi nikiwa nimeshika sinia la nyama, ukamjibu, "Bhoke alikuwa ananichapia tu." Wakacheka. Nikaendelea kugawa nyama.

Nikasubiri.

Ulipokuja Tarime na wakubwa wako kuwaonyesha wafugaji zile programu, nilikaa mstari wa tatu. Bosi wako, yule mama, akasema, "Mwita, hebu tutungie amri mpya hapa hapa, ipime programu ya mfugaji peke yake." Jambo dogo. Ukanakili amri yangu, ukabadilisha jina, ukaiendesha. Maandishi mekundu yakajaa ukutani, pale projekta ilipokuwa inaonyesha kompyuta yako: faili halionekani. Ukarudia. Mekundu tena. Mimi nilikuwa nimeshaliona kosa: hukuiambia ifanyie kazi ndani ya folda gani, kwa hiyo ilikuwa inatafuta kwenye folda kuu. Mstari mmoja tu. Nilikunja mikono nikatazama jasho likilowesha kola yako, na kaka, ilikuwa tamu.

"Bhoke," ukaita mwishowe, "njoo unisaidie."

Nikasimama. "Nani alizitunga hizo amri?"

"Njoo bwana, watu wanangoja."

"Wangoje. Nani?"

Ukatazama chini. "Ni wewe."

"Sema kwenye kipaza sauti."

Ukasema. Nikaja, nikaongeza ule mstari, yakatoka maandishi ya kijani, wafugaji wakapiga makofi. Ningeweza kurudi kukaa. Badala yake nikachomeka flashi yenye nakala yetu ya zamani, nikawafungulia historia yote ya mabadiliko, inayoonyesha nani aliandika nini, jina langu likishuka ukuta mzima. Ulikuwa umeshakiri, hilo halikuwa la lazima. Nililifanya kwa kutaka.

Kazi yako sasa naifanya mimi, bosi wako alinipa. Wewe umejificha Nairobi, hupokei simu hata za mama, na mama analia. Hilo linaniuma, sikudanganyi. Lakini ningerudishwa kwenye ule ukumbi, ningefanya vilevile, pengine polepole zaidi.

Juzi mfugaji wa Busawe aliripoti kwenye programu yetu ndama aliyelala chini tangu asubuhi. Daktari akafika kwa pikipiki, na kabla ya saa kumi ndama alikuwa ananyonya. Nilishika simu nikuambie, maana ni wewe tu ungefurahi kama mimi. Nikatazama namba yako. Nikaiweka simu mezani, nikaenda kula.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Bhoke