Hita au Winchi: Kamati Yetu Imeamua Kupasha Miguu Moto

Mpendwa Mshauri Bi. Batuli,

Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada, kwa heshima na taadhima, na wasomaji waliokaa wasimame, natangaza kwamba kijiji chetu cha ujamaa, kilichoko njia ya Sikonge kwenda Tabora, kimepitisha kwa kauli moja azimio la kununua hita. Si hita ya zahanati, maana zahanati hatuna. Ni hita ya kupasha moto miguu ya watu watakaokaa mbele ya gari. Gari lenyewe bado halijafika. Makofi, tafadhali.

Mimi ni karani wa ushirika wetu wa asali, mtu wa makamo mwenye kitambi cha wastani na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulionipa ukarani maana sifa nyingine sina, na mwaka huu tumepata kibali cha kuagiza Landrova mpya kabisa ili tupumzishe lori letu ambalo dereva wetu Masele huliwasha kwa dua na kwa matusi, mara nyingi kwa vyote viwili, na wakala wa Dar es Salaam akatuletea kitabu cha picha kinachoonyesha vifaa ambavyo mnunuzi anaweza kuomba vifungwe hukohuko kiwandani, akatuambia kwamba fedha yetu ikishalipa gari itabakiza nafasi ya kuchagua jambo moja kati ya mawili, ama winchi peke yake, yaani ule waya wa chuma unaojiviringa kwenye ngoma mbele ya gari, ukikwama unaufunga kwenye mti na gari linajivuta lenyewe, ama kapu zima la vitu vidogo vidogo, ndiyo hita, taa za ukungu, kiberiti cha umeme cha kuwashia sigara, na kiti chenye mto mnene upande wa abiria.

Basi kamati ikakaa. Mwenyekiti wetu ni Mzee Shomari, aliyekuwa na duka mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, kabla hajahamia kijijini na kanzu zake zote, na mtu huyo akisimama kusema hata mbuzi wanaacha kutafuna.

"Ndugu wajumbe," akasema, "winchi ni kutegemea wageni. Sisi tunajitegemea. Gari likikwama tutalivuta kwa mikono yetu. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani kwa njia hii hii. Walikuwa na winchi?"

"Hapana!" tukaitikia.

"Na hita walikuwa nayo?" akauliza mtu mmoja kutoka nyuma.

"Hita ni jambo jingine," akasema Mwenyekiti. "Joto lake linatoka kwenye injini yetu wenyewe. Huko ndiko kujitegemea."

Tukapiga makofi, mimi wa kwanza, na nisikufiche, kiberiti cha sigara nilikitetea mimi mwenyewe ingawa sivuti, kwa sababu karani hukaa katikati, na kwenye picha kile kiberiti kiko karibu kabisa na goti la mtu wa katikati, nikajiona nimekaa pale.

Sasa, Bi. Batuli, hiyo "mikono yetu" tuliyoipigia makofi ni ya nani, maana kati yetu na Tabora kuna mbuga ya udongo mweusi ambayo mvua ikinyesha haivukiki, na lori huzama pale kila masika, na wakati huo wanaume wengi wako porini kwenye kambi za mizinga, kwa hiyo desturi yetu ni kupuliza filimbi, akina mama wanakuja na kamba, wanavuta, na sisi wanakamati tunasimamia. Kusimamia nako ni kazi. Masika iliyopita kamba ilikatika, lori likarudi nyuma, gogo lililokuwa limewekwa chini ya tairi likaruka likampiga mke wangu Koleta kwenye nyonga ya kushoto, akalazwa, akatoka, na hadi leo anachechemea, na kwenye muhtasari wa kamati mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri niliandika kwamba "nguvukazi ya akina mama ilijitokeza kwa moyo."

Niliporudi na habari ya hita nilimkuta Koleta anapepeta mtama. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo winchi hamkununua," akasema.

"Kamati imeona..."

"Kamati imeona winchi mnayo tayari. Ndiyo sisi." Akapepeta tena. "Basi andika hita, Ndugu Karani. Siku gari likizama, mwambie Mwenyekiti aiwashe, apashe matope yakauke."

Umesikia alivyoniita? Miaka kumi na nane nimekuwa Baba Flavia, kwa jina la binti yetu mkubwa, na sasa ndani ya nyumba yangu mwenyewe naitwa Ndugu Karani, uji napewa kama ninavyopewa ofisini, na wake wa wenzangu nao wamesema filimbi ikipulizwa hawatashika kamba, na yeye ndiye aliyewaambia. Agizo liko mezani kwangu, limebaki kupigwa muhuri na kupelekwa Tabora. Nifanye nini, Mshauri wangu? Nitii kamati nimpoteze Koleta, au nifute hita kimyakimya niandike winchi, halafu gari likifika niseme ni makosa ya kiwandani?

Ni mimi niliyebanwa,
Karani (jina usilitaje, nina maadui wa kutosha)

*

BI. BATULI ANAJIBU

Ndugu Karani, nami nitakuita hivyo hivyo mpaka mwenye nyumba wako abadilishe,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa kutafuta kitu cha kukurushia. Mimi magari siyajui. Mwili huu nilionao, nikipanda Landrova inainama upande na dereva anaanza kusali. Lakini Tabora hii nimeishi tangu kuzaliwa, na ukungu wa kuhitaji taa sijauona bado. Mkiuona huko kwenu niandikieni, nije kutalii.

Kwanza, kuhusu hila yako ya kufuta hita. Acha. Wewe umekuwa karani kwa sababu ya mwandiko. Ukianza kuutumia kudanganya utabaki na kitambi peke yake. Na ukisingizia kiwanda, Mwenyekiti wako ataamini, kisha masika ijayo atajisifu kwamba winchi ilikuwa wazo lake.

Pili, hoja ya Mwenyekiti ni nzuri sana, nami naiunga mkono. Mjitegemee. Ila anayejitegemea hutumia mgongo wake, hatumii wa mke wa jirani. Mtu anayekaa kivulini akisimamia jasho la mwenzake tulimpa jina miaka ile ya kudai uhuru, tukamwimbia nyimbo, tukamwambia arudi kwao. Sikujua kwamba alihamia kwenye kamati yenu na kuomba kiti chenye mto.

Sasa sikiliza nikuelekeze. Agizo usilipige muhuri bado. Mvua zimeanza, lori lenu bado lina pumzi, na mbuga iko palepale. Nenda kwa Mwenyekiti wako, mpe shikamoo yake kamili, umwambie hivi: lori likizama safari hii, kamati ndiyo itakayovuta, wote, na yeye wa mbele, ili tuijaribu ile mikono yetu kabla hatujalilipia gari. Akina mama wakae ukingoni watusimamie. Wakishasimamia, kamati ikae palepale, kabla ya kunawa miguu, ipige kura upya kati ya hita na winchi. Ukiogopa kumwambia, basi usiniandikie tena, mwandikie wakala wa Dar es Salaam akutumie na blanketi.

Na nyumbani: maji ya kuoga ya Koleta unachota wewe, kuanzia leo, kwa ndoo, kichwani, mchana watu wakiona. Nyonga ya kushoto haichoti maji. Ukipata muda kati ya makofi na muhtasari, muombe radhi, bila kusema neno kamati.

Wako, mwenye kukutakia mabega yenye nguvu,
Bi. Batuli

*

KARANI AMEANDIKA TENA

Bi. Batuli,

Wasomaji wako watadhani nilikwenda kwa Mwenyekiti kifua mbele, kwa hiyo naomba niseme ilivyokuwa kweli. Sikwenda. Gazeti lililetwa na Masele, akalisoma kwa sauti ghalani, kwa ajili ya kila mtu, na alipofika kwenye hita ghala zima likanigeukia. Jina ulilificha vizuri, nashukuru, lakini ni kijiji gani kingine katika Tabora nzima kimenunua hita?

Mzee Shomari alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mwenyekiti wa kijiji hicho," akasema, "ni mpumbavu kweli." Akatoka.

Wiki moja baadaye lori likazama na mapipa ya asali juu yake. Filimbi ikapulizwa. Akina mama walikuja wote, bila kamba, wakakaa ukingoni wakaanza kumenya karanga. Mwenyekiti aliwatazama, akatutazama, akakunja kanzu akaifunga kiunoni, akaingia matopeni. Tukaingia na kamba kuukuu ya lorini.

Hatukuvuta vizuri. Lori halikusogea, nadhani lilizama zaidi kwa kutuona. Masele alikuwa akipiga kelele, "Vuteni, wazee wangu, babu zenu walifika pwani!" na akina mama wakacheka mpaka karanga zikamwagika. Halafu kamba ikakatika, ileile iliyofungwa fundo masika iliyopita, nikaanguka kifudifudi na Mwenyekiti akakaa kwenye matope kwa makalio yake. Gogo tuliloweka chini ya tairi likaruka likapita kati yetu. Halikumpata mtu.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti alilitazama lile gogo, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama Flavia," akasema, "siku ile lilikupiga upande gani?"

Nilitaka kusaidia, Bi. Batuli. Nikajibu mimi, haraka, kama karani. "Kushoto, Mwenyekiti."

"Kulia," akasema Koleta.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto, akarudi kwenye karanga zake. Nilikuwa nimechota maji wiki nzima, watu wakiona, kwa ajili ya nyonga ambayo haikuwahi kuumia.

"Karani," Mwenyekiti akasema akiwa bado amekaa kwenye matope, "andika winchi." Hakuna aliyeomba kura ihesabiwe.

Lori tulilitoa kesho yake, wake kwa waume kwenye kamba mpya, na Koleta amekaa mbele kwenye kiti cha Mwenyekiti, kwa amri ya Mwenyekiti. Agizo limekwenda: winchi, hakuna hita, hakuna kiberiti. Akina mama wamerudi kunisalimu. Maji bado nachota, na jana usiku nilimuuliza Koleta anaumwa vipi, wapi hasa, tangu lini, nikanyamaza nikasikiliza. Alinieleza kwa kirefu.

Alipomaliza akaniambia, "Haya, lala, Ndugu Karani."