Bi Mdogo Hali Chakula

6 Februari

Kwa Kitinda, mwanangu wa mwisho,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Mimi sijambo, ila kiuno kimenuna kwa sababu ya safari. Dada yako hajambo, na hawa pacha wake hawajambo kupita kiasi: mmoja akinyamaza, mwenzake anapokea zamu. Wewe je? Unakula, au unakunywa chai tu na kujiita mtu mzima? Huku mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nimemwomba dereva wa basi awe tarishi wetu. Ukiwa na barua mpelekee stendi.

Nitakaa miezi mitatu, mpaka dada yako apate nguvu, kisha narudi kwenye cherehani yangu. Wateja wa mapazia waambie hivyo hivyo, usiwaongezee chumvi.

Sasa tuje kwa wakorofi wangu wa kwenye tangi. Muuza samaki huwaita sikilidi, jina lenye adabu wasiyokuwa nayo wenyewe. Kila Jumamosi toa ndoo mbili za maji, rudisha ndoo mbili za yale yaliyolala kwenye pipa mpaka dawa ya bomba ikaisha. Usibadilishe maji yote ukadhani unafanya usafi, utawaua. Chakula kidogo, asubuhi na jioni. Watakutazama kama mayatima. Usiwaonee huruma, ni waongo. Wakifukuzana waache. Nimewaweka wengi makusudi, ili Mwenyekiti, yule dume mkubwa, asipate mnyonge mmoja wa kumwonea kutwa nzima. Na mawe yale usiguse. Kila mmoja ana pango lake pale, ukihamisha jiwe umemvunjia nyumba na vita vinaanza upya.

Najua unacheka. Cheka. Lakini tangu baba yenu afariki, wale ndio wananitazama nikishona. Chumba cha mbele bila wao kingekuwa kimya mno kwangu.

Ni mimi,
Mama yako


21 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kiuno kimefanya suluhu. Mimi mzima, nakula, na jana nimepika mwenyewe bila kuunguza chochote, ingawa sufuria ina maoni yake. Wasalimie Dada na pacha.

Kazi yangu ya kutengeneza simu inaendelea pale pale kwenye kona ya duka la watu, nimebanwa kati ya viatu na mabegi. Siku moja nitapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Samaki wako wapo. Mwenyekiti ananichukia waziwazi: nikiingiza mkono kusafisha kioo ananijia kama nina deni lake. Jumamosi nimebadilisha maji kama ulivyoagiza. Ila nina wasiwasi na yule wa manjano, Bi Mdogo. Amevimba taya kama mtu mwenye jino bovu, na chakula hataki kabisa. Anajificha nyuma ya jiwe kubwa. Nimpeleke kwa daktari wa meno hapo mtaa wa pili?

Mwanao,
Kitinda


25 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Nimesoma barua yako mpaka dada yako akaja kuuliza nacheka nini. Sijambo, kiuno nacho kimeanza kuelewa maana ya uzee.

Bi Mdogo si mgonjwa, ana watoto! Hawa hubeba mayai mdomoni, na yakishaanguliwa hubeba vifaranga vile vile mdomoni, mpaka viweze kujitafutia. Karibu mwezi mzima mama hali kitu. Hata ukimletea karamu hafungui mdomo, kwa sababu akifungua wanatoka na wenzake wanawameza. Anakonda huku unamwona hivi hivi, na hakuna la kumsaidia ila kumwachia utulivu. Usigongegonge kioo. Usimkimbize kwa wavu. Akishtuka sana huwatema, au huwameza mwenyewe. Nimemngojea huyu miaka miwili azae, mwanangu. Nitunzie.

Huku dada yako amepaka rangi chumba cha nyuma ninacholala, ametundika na kioo kikubwa. Ananiuliza kama napenda kabati liwe upande huu au ule. Nimemwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi jembe langu ni cherehani na iko kwangu. Hakucheka. Labda ni uchovu wa kunyonyesha.

Mama yako


8 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi huku wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenielemea.

Samaki wako salama kabisa. Bi Mdogo bado mdomo umejaa, lakini usijali, anakula kuliko wote, amenenepa. Na wengine wametulia siku hizi. Hawafukuzani tena, kila mmoja na lake. Mwenyekiti mwenyewe amekuwa mpole kama shehe. Nadhani wamenizoea.

Mama, usijisumbue kuharakisha kurudi. Dada anakuhitaji, na hali ya hewa ya huko inakufaa. Hata ukikaa mpaka mwisho wa mwaka, huku hakuna kitakachoharibika. Halafu ule ufunguo wa kabati la vitambaa uko wapi? Nahisi kuna panya.

Mwanao,
Kitinda


12 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia mdomoni mwa samaki.

Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba Bi Mdogo akiwa na watoto hali. Hali! Sasa unaniambia mdomo umejaa na bado anakula kuliko wote. Anakulia wapi, kwenye sikio? Hukusoma barua yangu, au uliisoma ukiwa na haraka ya kunifunga macho. Na hao wengine waliotulia, mwanangu, hujaishi nao ukawajua. Hawa wakitulia, ama ni wagonjwa, ama mmoja ameshanyakua tangi zima na wengine wamebanwa pembeni wanangoja kufa. Au hawapo kabisa. Nimekuwa nikikusoma wewe tangu ukiwa huna meno. Ukisema "usijali" mara moja, najua kuna sahani imevunjika.

Jana nimefunga mfuko wangu nije nione mwenyewe. Pacha mmoja akapata homa. Juma lililopita pia nilifunga, dada yako akashikwa na kizunguzungu. Nimeanza kuona kwamba maradhi ya nyumba hii yanausubiri mfuko wangu.

Sina maswali mengi. Samaki wangu wako wapi?

Mama yako


2 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Naomba uisome umekaa.

Yule mchumba wangu wa duka la dawa ni mjamzito. Kwao walimtoa, nami sikuwa na pa kumweka ila nyumbani. Tunalala chumbani kwako, kile changu paa linavuja kama unavyojua. Na chumba cha mbele nimefungua kazi yangu ya simu. Nafasi ni nzuri, watu wanapita wengi. Cherehani ipo stoo, nimeifunika vizuri, haijapata hata mkwaruzo.

Tangi ndilo lilitushinda. Sikutaka kuwasumbua samaki, kwa hiyo nilitoa maji nusu tu, nikaita vijana wawili tulinyanyue hivyo hivyo, na maji yake, na mawe yake, tulisogeze ukumbini. Tulipolinyanyua, kioo cha chini kikapasuka. Maji yalijaa nyumba nzima. Tuliwaokota kwa mikono na kuwatia kwenye ndoo. Wengi hawakufika jioni. Bi Mdogo aliwatema watoto wake sakafuni, wadogo, kila mmoja na macho yake. Sikujua la kufanya. Yeye alikufa kesho yake. Waliobaki nimempa daktari wa meno, ana tangi dogo pale wagonjwa wanapongojea.

Nilikudanganya kwa sababu sikuweza kukuambia. Lakini Mama, usinione mimi mbaya peke yangu. Hili la wewe kuhamia huko tulilizungumza na Dada tangu mwaka jana, kabla pacha hawajazaliwa. Yeye ndiye alisema ukishafika na kuwazoea wajukuu hutataka kurudi, tusikuambie ukakataa bure. Tulifikiria faida yako. Nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja, na wewe umri umekwenda.

Nisamehe. Nitakununulia samaki wengine.

Mwanao,
Kitinda


23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu, na dereva anasema hajapewa barua yoyote. Unaendeleaje? Dada nikimpigia anakata, au ni huo mtandao, sijui.

Nimefikiria sana. Ukitaka kurudi, rudi, ni kwako. Nitasafisha stoo, nitoe maboksi, niweke kitanda kidogo. Dirisha lipo, ingawa ni la juu. Cherehani inaweza kukaa miguuni pa kitanda. Mke wangu anasema tukuulize rangi gani unapenda. Tumeshajizoesha kumwita mke, harusi itafuata.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane, lakini andika.

Mwanao,
Kitinda


14 Mei

Kitinda,

Sijambo. Hali yako sikuulizi, nimekuona leo asubuhi kwa macho yangu ukitoka kwenda kununua vipuri, unapiga mluzi.

Barua hii haikuletwa na dereva. Umeikuta juu ya meza yako ya simu, na meza umeikuta barazani, kwa sababu nimeitoa mwenyewe. Nguo zako zipo kwenye mfuko chini yake. Kitasa cha mlango wa mbele ni kipya, usihangaike na funguo zako.

Barua yako ya Aprili nilimsomea dada yako kwa sauti, neno kwa neno, akiwa amempakata mtoto. Nilipofika pale pa "tusikuambie ukakataa bure," akasema, "Mama, ni kwa ajili yako." Nikamwambia wote wawili mmejifunza wimbo mmoja. Nimewalea kwa mapazia ya watu, nimeshona mpaka macho yakaota ukungu, na kumbe siku nilipokuwa napakia nepi za wajukuu kwenye mfuko, ninyi mlikuwa mmeshanitoa nyumbani kwangu. Wewe ulinisindikiza stendi ukanipungia mkono, dada yako akanipokea. Hilo ndilo linaloniuma, Kitinda. Mngeniambia, ningekasirika, ningepiga kelele, na huenda mwisho wake ningewapa chumba. Mnanijua. Mlichukua kwa hila kitu ambacho mngekipata kwa kuomba.

Nilifika mji huu juzi, nikalala kwa mteja wangu wa zamani. Kabla ya kuja hapa nilipita kwa daktari wa meno. Mwenyekiti yupo, wengine wote wamekwisha. Wamemweka ndani ya kitangi cha kuweka juu ya meza, hana jiwe wala pango, na daktari ananiambia kwa furaha kwamba ni samaki mpole sana, hana fujo hata kidogo. Nilikaa pale kwenye kiti cha wagonjwa nikalia, mpaka mhudumu akaniuliza ni jino gani.

Kisha nikaja nyumbani. Mkeo alinifungulia. Tumbo limeshakuwa kubwa, miguu imevimba, na akanikaribisha kwa heshima zote, akanishukuru. Nikamuuliza ananishukuru nini. Akasema ananishukuru kwa kuwaachia nyumba kwa hiari, na kwa ule ujumbe niliokutuma umpe, kwamba kitanda changu ni zawadi yangu kwa mjukuu. Ujumbe huo sikuutuma. Nilipomwambia, alikaa chini sakafuni. Sikumwona kama mwizi wangu. Tumelia sote wawili, kisha nikachemsha maji tukanywa chai, naye akanisaidia kuitoa cherehani stoo, ingawa nilimkataza kunyanyua.

Kwa hiyo sikiliza. Huyu binti anakaa. Atajifungulia hapa, na mimi nitamsaidia, maana kwao walimfukuza na huku umemleta kwa uongo, na hana kosa kwa pande zote mbili. Mtoto akizaliwa atalala chumbani kwangu. Wewe tafuta pa kulala. Ile kona kati ya viatu na mabegi nadhani bado haijapata mtu. Siku utakayotaka kumtazama mkeo, mwenyewe atasema kama yuko tayari kukuona. Mimi sitamsemea.

Dada yako anasema nimekuwa mkali. Huenda. Sijawahi kuibiwa na watoto wangu kabla ya hapa, sijui watu hufanyaje.

Niko ndani, nyuma ya mlango huu huu, nitasikia hatua zako zitakapopanda barazani. Usigonge na usiniite. Sauti yako nikiisikia nitafungua, najijua, na sitaki kufungua. Kama una neno la kuniambia, liandike, ulipitishe chini ya mlango.

Mama yako