Kura Niliyokunyima, Dada Mwanaidi

Dada Mwanaidi,

Nimekaa kwenye kitanda changu cha juu, na chako cha chini kimeshapata mtu. Ni binti wa Kampala, mpole, ila anaweka viatu vyake palepale ulipokuwa ukitandika mkeka wako wa kuswalia. Nimemwambia mara mbili aviondoe. Hajui kwa nini namkaripia, na mimi sijamweleza.

Tangu ufariki miezi minne imepita, na kila Ijumaa najiambia nitakuandikia. Halafu napata nguo za kufua. Unanijua, mimi mdomo ninao, lakini kwa jambo la kweli nageuka bubu. Leo binti yako Zuhura amenitumia ujumbe, na baada ya kuusoma nimeona nisipokuandikia sasa nitabaki mwongo hata kwa maiti.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Unakumbuka uchaguzi wa Wamarekani? Wiki nzima tulibishana kule chumba cha mashuka cha hoteli, wewe umeshika pembe zako mbili, mimi zangu mbili, tukikutana katikati kukunja. Swali lilikuwa moja tu: je, Wamarekani watampa mwanamke mweusi urais? Wewe ulisema watampa. "Bwana wee, mweusi walishampa, tena mara mbili." Mimi nikasema huyo alikuwa mwanaume, na walijuta. Nikakuambia, "Wacha tu, dada! Mzungu atakuchekea usoni, akifika kwa debe la kura anageuka." Ukatikisa kichwa kile chako, ukasema maneno ambayo sijayasahau: "Mtu akibaki peke yake na karatasi, Bea, hapo anamwogopa Mungu. Watu si wabaya kama unavyowasema."

Asubuhi matokeo yalipokuja tulikuwa kazini. Wewe ulikaa juu ya kikapu cha taulo na simu mkononi. Mimi nilicheka. Nilicheka, dada, kwa sababu nilikuwa nimeshinda ubishi. Nikatangaza kwa kila aliyeingia kuchukua mashuka kwamba mimi nilisema, Wamarekani ni wabaguzi, hawabadiliki. Wewe ukaniambia nisicheke, huenda walikuwa na sababu nyingine pia, ya moyoni mwa mtu nani ayajue. Nikakuita wakili wa wazungu. Jina hilo likakuganda mpaka kwenye basi.

Sasa nije kwetu.

Joto liliporudi, kampuni ikasema tuchague mwakilishi wa kamati ya wafanyakazi. Sisi wa usafi tulitakiwa kutoa mmoja. Wewe ulikuwa na jambo moja tu unalolitaka: kivuli pale geti la nyuma, tunaposubiri basi la kuturudisha kwenye mabweni yetu ya Al Thumama. Ulikuwa umeona yule dada Mnepali alivyoanguka pale saa nane mchana, na wewe ndiye uliyemmwagia maji. Ukasema utasimama. Upande wa pili akasimama Marivic, Mfilipino wa ghorofa ya nne, yule mwembamba anayesema "sorry" hata akikanyagwa.

Nani alikupigia kampeni kuliko mimi? Nilizunguka vyumba vyote. Niliwaambia Wakenya, nikawaambia Waganda, nikawaambia Watanzania wenzako waliokuwa wanakuonea wivu. "Huyu ni wetu. Tusipompa sisi, nani atampa?" Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Siku yenyewe walitundika shuka kwenye kona ya kantini ili mtu apige kura kwa siri. Lilikuwa shuka letu la hoteli, nililitambua kwa pindo. Karatasi ilikuwa na picha mbili, kwa sababu hatusomi wote maandishi ya namna moja. Nikaingia nyuma ya shuka. Picha yako ilikuwa ile ya kitambulisho, umecheka meno yote, na hawa wapiga picha wa hapa wasiojua kupima mwanga walikuwa wamekufanya mweusi zaidi ya ulivyo. Pembeni yako Marivic, mweupe, ametulia.

Nikaiangalia ile picha yako nikaona aibu. Nakuambia kama ilivyokuwa. Sikufikiria kivuli wala yule Mnepali. Nilimwona yule madam wa ofisi ya ajira anavyotuangalia tukiongea, kana kwamba tunapiga kelele hata tukinong'ona. Nikasema moyoni, huyu akienda kukaa mezani na wale watu watatucheka. Mfilipino watamsikiliza, na sisi tutapata tunachotaka. Nikajifanya nina akili. Nikaweka alama kwa Marivic, nikakunja karatasi, nikatoka nje na kukupigia vigelegele.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa peke yangu na karatasi, kama ulivyosema.

Wa Afrika Mashariki tulikuwa kumi na tisa. Kura zako zikatoka kumi na mbili. Kila mtu alijua hesabu hiyo maana yake nini, na mimi ndiye niliyepayuka zaidi: "Wasaliti! Sisi kwa sisi!" Nilimtuhumu yule msichana wa Mombasa mbele za watu mpaka akalia. Mpaka leo hajanisalimia, na ana haki.

Wewe hukumuuliza mtu. Jioni ile ulifungua sanduku lako chini ya kitanda ukatoa doti ya kanga, mpya, bado ngumu kwa gundi ya dukani. Ile ya njano yenye maandishi *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*. Ukaikata katikati kwa mkasi wangu. Mimi naita leso, na kwetu Bungoma leso ni leso tu, lakini ulishanifundisha kwamba kwenu Tanga watu wawili wakigawana doti wamekuwa ndugu. Ukanipa kipande kimoja. Ukasema, "Wengine siwajui. Wewe najua ulinipa."

Nikapokea. Dada, mkono huu ulipokea. Nikasema asante.

Wiki tatu baadaye ulikwenda likizo. Nilijiambia ukirudi nitakuambia, tutacheka, utaniita wakili wa wazungu na mimi. Kisha Zuhura akapiga simu kusema presha imekuchukua jikoni kwa dada yako, chai ikiwa bado motoni. Sikupata nafasi, nimekuwa nikisema hivyo. Si kweli. Nilikuwa na siku ishirini na moja, na kila siku tulilala juu na chini ya kitanda kimoja.

Tulikusomea dua hapa, mimi Mkristo nimekaa nyuma nimejifunika kitambaa cha kuazima. Ile kanga sikuweza kuitia mwilini. Marivic alikuja na biskuti. Tulipokuwa tunaosha vikombe akaniambia, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba anasikitika kwa ile kamati. Anasema huwa anakwenda kwenye vikao akiomba kivuli, wanamwambia watatazama. Mpaka leo tumepewa miavuli miwili mikuukuu ya bwawa la kuogelea, na mmoja haufunguki. "Hata mimi hawanisikii," akasema. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nilijua itakuwa hivyo, ndiyo maana nilimpigia kura Mwanaidi. Yeye alijua kusema."

Kikombe kikaniponyoka. Kumbe katika zile kumi na mbili, moja ilikuwa ya mpinzani wako. Yule niliyemchagua kwa sababu ya rangi yake, yeye alikuchagua wewe kwa sababu ya mdomo wako. Niliokota vipande.

Na leo Zuhura ameandika. Nanakili kama alivyoandika: "Mama mdogo, kile kipande cha kanga ya Mama ndicho tulichomfunikia alipokuwa akioshwa. Cha pili tunajua kiko kwako. Mama alituambia ni cha mtu aliyempa kura. Kitunze." Ananiita mama mdogo, dada.

Wamarekani nimewatukana mpaka kwenye lifti. Hata sijui ni nini kilichokuwa mioyoni mwao siku ile. Moyo wangu naujua. Mtu wa kwanza kumnyima mwanamke mweusi kwa kuwa ni mweusi, niliyemwona kwa macho yangu, ni mimi Beatrice Nafula, na alikuwa dada yangu.

Haijaisha. Marivic mkataba wake umekwisha, anarudi kwao Jumamosi. Nafasi iko wazi, na wenzetu wamelipeleka jina langu. Wanasema mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe, mimi ndiye niliyekutetea. Alhamisi kila anayesimama atasema maneno machache pale kantini. Nimekaa juu ya kitanda hiki tangu adhuhuri nikitafuta njia ya kusema bila kusema. Sijaipata.

Basi haya ndiyo ninayokuahidi. Usiku huu huu nampigia Zuhura kabla sijapata nguo za kufua. Akitaka kuacha kuniita mama mdogo, aache. Alhamisi nitasimama mbele yao wote na nitasema niliweka alama wapi, na yule wa Mombasa nitamwomba radhi palepale nilipomliza. Baada ya hapo wanichague au wasinichague, hata hivyo nitakwenda kudai kivuli, kwa sauti ile ile wanayoiita kelele.

Kuhusu kanga, nimeitoa chini ya godoro. Bado ina gundi. Uliitoa kwa mtu aliyekupa kura, na mtu huyo yuko ghorofa ya nne anafunga mizigo. Nitampelekea. Nitamwonyesha inavyofungwa kiunoni. Najua ataniuliza maandishi yanasema nini, na hapo itabidi nimsomee mimi, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu.

Mungu wako na wangu akupumzishe, dada. Viatu vya huyu binti nimeviondoa mwenyewe, nimevipanga kando ya mlango, na mahali pa mkeka wako nimepafagia.

Mdogo wako,
Bea